Mgahawa mdogo Dar: usponsa (ulipie tangazo) Instagram au uweke bango mlangoni?

Huu ubishi hauishi kwa wenye migahawa. Kwa gharama, Instagram unaanza na hela kidogo unayopanga mwenyewe kwa siku, ila inakatwa kwenye kadi na ukiacha kulipa tangazo linakata hapo hapo. Bango unachonga mara moja linakaa, japo kuna ushuru wa mabango, ulizia kwanza kabla hujampa fundi hela.

Kuleta wateja ndo penyewe. Kama upo Kariakoo au karibu na stendi, mteja wako ana njaa sasa hivi na anapita kwa miguu, hana habari na simu, akiona wali maharage na bei anaingia, hapo bango linashinda mchana kweupe. Ila kama umejichimbia ndani ndani huko Sinza unauza biriani ya oda kwa bodaboda, bango watasoma majirani tu, we sponsa, na uchague eneo la karibu maana laiki za Mwanza hazinunui sahani.

Usumbufu? Bango unafuta vumbi basi. Instagram inataka picha kali na mtu wa kujibu DM (meseji za wateja) fasta, sasa kama jikoni uko peke yako saa saba mchana sijui utajibu saa ngapi.