Kasha la nje la diski baada ya miezi 8 ya kazi mjini Moshi

Kwa sisi tunaorekodi video za sherehe mjini Moshi, Desemba ndio msimu. Watoto wa Kilimanjaro waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi, na katika majuma yale machache hufungwa ndoa, hutolewa kipaimara, na hubatizwa wajukuu ambao familia zilikuwa zikingoja babu na bibi zao wawepo. Mwaka jana, siku 4 kabla ya sikukuu, kompyuta yangu mpakato ilizimika katikati ya kazi na haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akaipima, akaniambia kwamba bodi kuu imeungua na kwamba kuitengeneza kungegharimu karibu sawa na kununua nyingine. Ndani ya diski ya kompyuta hiyo mlikuwa na harusi 2 ambazo sikuwa nimezihariri wala kuzihifadhi mahali pengine.

"Diski yako nzima, mzee," alisema akiichomoa. "Tafuta kasha la nje uitie humo, kazi zako utazikuta."

Alisema kweli, na kwa kuwa tangu siku hiyo kasha hilo limekuwa kifaa ninachokigusa kila siku baada ya kamera yenyewe, naona ni vyema niandike niliyoyaona, hasa kwa wenzangu wanaotunza picha na video za watu, kwa sababu makasha yanayouzwa mjini yanafanana sana kwa nje ilhali kazi zake hazifanani hata kidogo.

Kasha la nje, ambalo madukani wengi huliita kava la hadi diski (hard disk), ni boksi dogo lenye sakiti ndani yake. Diski ya kompyuta huzungumza kwa njia iitwayo SATA, nayo kompyuta kwa nje hupokea USB, na sakiti hiyo ndiyo mkalimani kati ya hizo mbili. Boksi lenyewe ni nguo tu. Anayechagua kasha kwa kutazama rangi na mng'ao wake amechagua nguo, na mkalimani atamfahamu akishafika nyumbani.

Ndivyo lilivyonikuta kosa la kwanza. Kwa haraka ya siku zile nilinunua kasha la plastiki kwenye meza moja nyuma ya stendi kuu kwa shilingi 12,000. Juu ya boksi paliandikwa 3.0, na kichwa cha waya kilikuwa na ulimi wa buluu ambao wengi tunauchukulia kuwa alama ya USB 3.0. Diski iliwaka, harusi zangu zikaonekana, nami nilimshukuru Mungu. Lakini nilipoanza kunakili gigabaiti 120 kwenda kwenye kompyuta ya kuazima, kasi haikuvuka megabaiti 35 kwa sekunde, na kazi hiyo ikachukua karibu saa nzima. Kasi ya namna hiyo ni ya USB 2.0, ambayo kikomo chake kwa maandishi ni megabiti 480 kwa sekunde na kwa vitendo huwa chini zaidi. Baadaye nilichungulia ndani ya kile kichwa cha buluu nikahesabu vibati vya shaba: vilikuwa 4 tu. Kichwa cha kweli cha USB 3.0 kina vibati 9, yaani vile 4 vya mbele na vingine 5 vilivyojificha nyuma yake. Rangi ya plastiki inaweza kubandikwa na yeyote. Tangu siku hiyo sinunui waya bila kuhesabu, na nawaomba wenzangu wafanye hivyo hata muuzaji akionekana kuchoka kuwangoja.

Kasha ninalolisifu leo nililipata Januari katika duka dogo la vifaa vya kompyuta karibu na Soko Kuu, kwa shilingi 35,000. Dada anayeuza pale aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo sikuliona kwingine: alitoa diski yake ya majaribio, akaitia ndani ya kasha, akaichomeka kwenye kompyuta ya duka na kunakili faili kubwa mbele yangu kabla sijatoa hata senti. Kasi ilisimama kwenye megabaiti 105 kwa sekunde. Kwa diski ya kompyuta mpakato inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, hapo ndipo ilipo nguvu yake yenyewe, maana USB 3.0 inaruhusu hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na kasha la namna hii haliwi tena kizuizi. Zile gigabaiti 120 zilizonichukua saa nzima sasa huhama kwa takriban dakika 20. Huduma ya dada huyo peke yake ilitosha kunifanya nirudi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko kasi, nalo ni umeme.

Diski ziko za ukubwa wa aina 2. Ndogo, ya inchi 2.5, hutoka kwenye kompyuta mpakato na huhitaji volti 5 tu, ambazo tundu la USB linazo. Kubwa, ya inchi 3.5, hutoka kwenye kompyuta ya mezani, na mota yake huhitaji volti 12 ambazo tundu la kawaida la USB halitoi, hivyo kasha lake huja na adapta ya kuchomeka ukutani. Mwenzangu mmoja wa Majengo alinishawishi ninunue kubwa kwa hoja kwamba kwa bei ileile ya diski unapata nafasi zaidi, na hoja yake ni ya kweli. Niliazima la kwake kwa wiki 2. Jioni ya siku ya tano umeme ulikatika nikiwa katikati ya kunakili. Kompyuta mpakato ilibaki inawaka kwa betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini kasha likazimika papo hapo, na diski ikakatwa pumzi ikiwa bado inaandika. Umeme uliporudi, folda moja ilifunguka ikiwa tupu, na programu ya kukagua diski ilifanya kazi usiku kucha kabla ya kuirudisha. Nilizirudisha faili zote isipokuwa 3, na kwa bahati nzuri nakala zake zilikuwa bado kwenye kadi ya kamera.

Kasha dogo halina hatari hiyo, kwa sababu linakula umeme kutoka kwenye kompyuta yenyewe: umeme wa ukutani ukikatika, betri ya kompyuta inazibeba zote mbili, nawe unapata muda wa kumaliza, kufunga na kuchomoa kwa utaratibu. Kwa mji ambao taa zinaweza kuzima wakati wowote, faida hiyo kwangu inazidi terabaiti kadhaa za nafasi. Atakayechagua kubwa na anunue pamoja nalo kifaa cha kuhifadhi umeme chenye betri, na gharama hiyo aihesabu kama sehemu ya bei ya kasha tangu mwanzo.

Hata kasha dogo lina haki yake ya umeme ambayo ni lazima itimizwe. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900, ilhali diski inayozunguka huweza kuhitaji kiasi kinachokaribia ampea 1 pale inapoanza kuzunguka. Tundu likiwa dhaifu, utasikia diski ikigonga tik-tik, ikizunguka, ikikata, ikianza tena, na wengi wakisikia sauti hiyo huamini kwamba diski imekufa. Mteja wangu mmoja kutoka Marangu aliniletea diski aliyokwisha kuambiwa haifai tena. Tulipoihamisha kutoka tundu la mbele la kompyuta yake ya mezani kwenda la nyuma, lililo kwenye bodi yenyewe, ilisoma picha zote za mazishi ya baba yake. Kabla ya kuililia diski kama marehemu, badilisheni tundu na waya kwanza.

Kuhusu joto sina mengi. Kasha la sasa ni la alumini, nalo hupoa vizuri. Alasiri moja ya Februari, wakati Moshi inapochoma, programu ya kupima ilionyesha nyuzi 46 baada ya saa nzima ya kunakili, ilhali diski hiyohiyo ndani ya lile la plastiki ilikuwa imefika 53. Sponji nyembamba zilizokuja nalo huishika diski isicheze, jambo linalosaidia katika barabara za kupandia vijijini. Hata hivyo, diski yenye mota isibebwe wala kuinuliwa ikiwa inazunguka, kwa maana kichwa kinachosoma huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na mtikiso mmoja wa gari la Noah kwenye makorongo unaweza kukiangusha juu yake. Kwa safari natumia kasha la pili la aina hiyohiyo lenye SSD ndani yake, ambayo haina kinachozunguka, na kasi yake hufika karibu megabaiti 400 kwa sekunde.

Kuna mambo ambayo muuzaji hawezi kuyajua kwa niaba yako. Pima unene wa diski: kasha hili linapokea zenye unene wa milimita 7 na 9.5, lakini baadhi ya diski za terabaiti nyingi zina milimita 15 na hazitaingia hata ukizisukuma. Kompyuta nyingi mpya hazina kabisa diski ya umbo hili, bali kijibao chembamba cha M.2, nacho kina kasha lake. Na hapo pia uliza kama kijibao ni cha SATA au cha NVMe, ambayo ni njia nyingine ya kuzungumza na kompyuta, kwa sababu vinakaribiana sana kwa sura na kasha la kimoja laweza kukikataa kingine. Tena, kama Windows ilikuwa imefunga diski kwa usimbaji, kasha litaifikisha diski mlangoni tu; kitakachoifungua ni ufunguo wa tarakimu 48 uliohifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye kompyuta. Nimeona bwana harusi mmoja akihangaika siku 2 kukumbuka barua pepe aliyofungulia kompyuta miaka mingi iliyopita.

Mpangilio wa faili, yaani mfumo ambao diski huutumia kuzipanga faili, nao unastahili dakika chache za fikra kabla ya kuweka kazi yoyote. Diski ikiwa imeandaliwa kwa FAT32, haitapokea faili moja inayofika gigabaiti 4, na video ya misa nzima hupita hapo kwa urahisi. Wengi hukimbilia exFAT, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006, kwa sababu Windows na Mac zote huisoma na kuiandika. Mimi nimechagua NTFS kwa diski inayokaa ofisini, kwa kuwa huweka kumbukumbu ya mabadiliko inayoisaidia kujirekebisha ikikatwa ghafla, na exFAT haina kinga hiyo. Diski ya safari ndiyo yenye exFAT, maana wateja wengine wana Mac, na Mac huisoma NTFS lakini kwa kawaida haiandiki juu yake.

Kasoro za kasha hili zipo, na sitazificha. Waya wake ni mfupi mno, kama sentimita 30, hivyo kasha huning'inia kompyuta ikiwekwa juu ya kitu. Upande wa kasha, waya huingia kwa kile kichwa kipana chenye sehemu 2 zilizoungana, na baada ya miezi 8 ya kuchomeka na kuchomoa kimeanza kulegea. Mara 2 diski imejikata nilipoligusa kasha kwa kiwiko. Ningelikuwa nanunua leo, ningelitafuta lenye tundu la USB-C, hata kwa nyongeza ya shilingi 10,000. Pia sakiti yake huilaza diski baada ya dakika 10 za kutotumika, na ninapohariri hunilazimu kungoja sekunde kadhaa iamke, jambo linalokera nikiwa katikati ya kupanga picha. Muuzaji aliniambia kwa unyoofu kwamba hana njia ya kulizima hilo.

Zile harusi 2 nilizikabidhi Januari, zimechelewa kwa majuma 3. Wazazi wa bibi harusi mmoja, watu wa Kibosho, walikuja wenyewe kuzichukua, tukakaa tukaitazama sehemu ambapo bibi mzaa mama anawabariki maharusi kwa jani la sale, mmea wa baraka kwa sisi Wachaga. Bibi huyo amefariki mwezi Machi. Faili hiyo sasa ninayo kwenye diski 2, kila moja ndani ya kasha lake, moja ofisini na nyingine kabatini nyumbani kwangu.