Uzoefu wangu: kuhamisha umiliki wa nyumba ya marehemu baba kwenda kwa mama na sisi watoto

Nyumba iko Tanga, ina hati, na jina kwenye hati lilikuwa la baba peke yake. Warithi ni mama na sisi watoto wanne, wawili wa kiume na wawili wa kike. Babu na bibi walishatangulia.

Mirathi ya Kiislamu tuliifungua mahakama ya mwanzo, na huduma ya pale naisifu kwa moyo wote. Tulipeleka cheti cha kifo cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) na muhtasari wa kikao cha familia kilichomteua kaka kuwa msimamizi wa mirathi, tukajaza fomu namba 1, ya maombi. Tangazo likabandikwa, hakutokea mwenye pingamizi, kaka akapewa fomu namba 4, ya kumthibitisha kuwa msimamizi. Karani alimweleza vizuri kabisa: ndani ya miezi 4 alete orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, kisha hesabu za mgawanyo kwa fomu namba 6.

Hapa naomba mnisikilize. Fomu namba 4 haimpi mtu nyumba! Ofisi ya ardhi humwandika kwanza kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, na familia nyingi huishia hapo wakidhani kazi imekwisha. Miaka inapita, msimamizi naye anafariki, warithi wanaanza upya. Sisi tulikazana hadi uhamisho wa pili, kutoka kwa msimamizi kwenda kwa warithi. Sheikh alitupigia hesabu, yakatoka mafungu 48: mama 6, ndiyo thumni yake (moja ya nane), kaka zangu 14 kila mmoja, sisi mabinti 7 kila mmoja. Tukaomba tuandikwe kwa hisa hizo hizo, ili mmoja wetu akifariki fungu lake liende kwa warithi wake.

Ofisi ya ardhi ndiko nilikochoka. Jalada la zamani lilitafutwa muda mrefu, na kishoka (dalali asiye rasmi) mmoja wa mlangoni akataka pesa ya kuharakisha. Msimpe. Malipo halali yana kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali. Kodi ya pango la ardhi mliyodaiwa huko nyuma ilipeni kabla hamjaenda, mtapunguza usumbufu.

Mahakama naipa nyota 5, ofisi ya ardhi 3. Kama msimamizi wenu bado ameshika hati yenye jina lake, mwombeni aanze uhamisho wa pili sasa, wakati mama yenu yu hai na anaweza kutia saini.