Windows Pro ya riteli: leseni inahama kweli, nimeihamisha kwenye mashine mpya

Wadau habari zenu. Hii naiandika kwa wenye steshenari, wenye ofisi ndogo, wanaofanya dizaini nyumbani, yaani mtu yeyote ambaye kompyuta ndo inamlisha na sasa hivi anabadilisha mashine kwa sababu Windows 10 imeachwa. Nataka niongelee leseni ya Windows Pro ile inayouzwa peke yake, wenyewe tunaita riteli, na hasa ile shughuli ya kuitoa kompyuta ya zamani kuipeleka mpya, maana watu wengi wanaambiwa haiwezekani, wanalipa upya au wanaishia kuwekewa kraki, yaani Windows iliyoaktivetiwa kwa wizi, wakati inawezekana kabisa na ni haki yao waliyolipia.

Natoa nyota nne kwa tano. Hiyo moja iliyobaki nitaieleza.

Mimi nina steshenari karibu na chuo hapa Dar, kuprinti, kuskani, kutoa kopi, kujaza fomu za watu mtandaoni. Desktopu ya dukani ilikuwa na prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, inapiga kazi vizuri tu, ila Windows 11 haiikubali kwa sababu wanataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0. Na Windows 10 yenyewe matengenezo yameisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ipo ile nyongeza ya kupata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani, lakini nikaona kwa duka ambalo flashi za wanafunzi zinaingia na kutoka kutwa nzima bora nibadilishe mashine moja kwa moja. Nikaunganishiwa desktopu nyingine Kariakoo, imekuja tupu haina Windows, na Windows nilikuwa nayo tayari, Windows 10 Pro ya boksi ambayo kaka alininunulia akiwa Uingereza.

Sasa kitu cha kwanza ni kujua leseni yako ni ya aina gani, na hapa ndo watu wanapopotea. Leseni ya riteli ni kama laini ya simu, simu ikifa unachomoa unaweka kwenye nyingine. Ile inayokuja na laptopu toka kiwandani, OEM, hiyo haichomoki, imefungwa na mazabodi (ubao mkuu wa ndani) ya mashine ile, mashine ikifa na yenyewe imekufa, ukiuza laptopu inaenda na laptopu. Toka enzi za Windows 8 watengenezaji wanauandika ufunguo (ile namba ya leseni) ndani ya BIOS (programu inayoiwasha mashine) kabisa, ndo maana HP au Dell ya mtumba ukiipiga Windows upya toleo lilelile inajiaktiveti yenyewe bila kukuuliza chochote. Halafu kuna ya tatu, ya makampuni na vyuo, wao wananunua kwa jumla, na mfumo wao mmoja unaoitwa KMS kompyuta lazima iwe inaripoti kwenye seva ya kampuni, isiporipoti uhalali unaisha baada ya siku 180. Laptopu nyingi zinazoletwa zikiwa zimetoka maofisini huko nje zinakuwa na Windows ya namna hiyo, mtu anafurahi imeandika imeaktivetiwa, baada ya miezi inaanza kudai.

Kuangalia ni rahisi mno. Fungua ule ukurasa mweusi wa kuandika amri, unaitwa Command Prompt, andika slmgr /dli halafu enta. Kitatokea kiboksi, tafuta neno linaloandamana na CHANNEL. Ukikuta RETAIL shangilia, kwa kawaida inahama. Ukikuta OEM usipoteze muda. Ukikuta VOLUME na wewe si mwajiriwa wa kampuni yoyote, jua mtu aliyekuuzia hakukwambia ukweli wote. Nawaomba sana mfanye hivi hata kabla ya kununua kompyuta ya mtumba, pale pale dukani mbele ya muuzaji, haichukui hata dakika.

Kuna mtego mmoja hapa. Kama laptopu yako ilikuja na Windows 8 au 10 ya kiwandani halafu ukapandisha bure kwenda 11, hiyo bado inahesabika ni ya kiwandani, haijawa riteli kwa sababu tu umeipandisha. Mkataba wa Microsoft unasema wazi, iliyokuja na kifaa inahamishwa pamoja na kifaa tu. Iliyonunuliwa peke yake unaruhusiwa kuipeleka kifaa kingine chako, na hata kumpa mtu mwingine kama wewe ndo mnunuzi wa kwanza na yeye amekubali masharti, sharti kubwa ni moja, kila ukihama lazima uitoe kule ilikokuwa. Kompyuta mbili kwa leseni moja hapana.

Kuhama kwenyewe sasa. Kwenye mashine ya zamani kwanza hamisha mafaili yako yote, hilo sina haja ya kulirefusha. Halafu ingia na akaunti yako ya Microsoft, maana toka mwaka 2016 leseni inaweza kufungwa na akaunti na hiyo inakuokoa baadaye hata ukipoteza karatasi ya ufunguo. Kama karatasi unayo, ile yenye herufi na namba 25 katika mafungu matano, ipige picha uihifadhi mahali. Kisha fungua tena ukurasa mweusi, safari hii kwa kubonyeza kulia na kuchagua kufungua kama msimamizi, andika slmgr /upk kuutoa ufunguo, halafu slmgr /cpky kufuta mabaki yake yasibaki kwenye mashine. Hapo kompyuta ya zamani itabaki bila leseni, itawaka, itafanya kazi, ila itaandika maneno ya kijivu kwenye kona ya chini kulia na haitakubali kubadilisha picha ya nyuma.

Kwenye mashine mpya nikatengeneza flashi ya GB 8 kwa ile programu ya bure kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, andaa bando la kutosha maana faili ni kubwa, linapita GB 5. Wakati wa kuinstoo inakuuliza ufunguo, unaweza kuweka hapohapo au ukaruka ukasema huna na ukaendelea, muhimu ni kuchagua toleo sahihi. Leseni ya Pro ichague Pro. Hapa watu wengi wanakwama, wana leseni ya Home wameinstoo Pro, wanasema leseni imekataa, wakati leseni haina kosa. Ufunguo wa Windows 10 Pro unaaktiveti Windows 11 Pro vizuri tu, toleo kwa toleo, hulipi tofauti yoyote. Na kama mashine mpya imekuja na Home ya kiwandani, ukiweka ufunguo wako wa Pro inajipandisha kuwa Pro bila kufuta chochote.

Ukishafika kwenye deski, nenda Settings, System, Activation, weka ufunguo wako. Yangu ilikubali. Kama yako itakuletea kosa 0xC004C008 maana yake ufunguo umeshatumika kwenye mashine nyingine zaidi ya idadi inayoruhusiwa, usipaniki, palepale kuna sehemu ya kutatua tatizo, ukiwa umeingia na akaunti yako unachagua kwamba umebadilisha vifaa vya ndani (hardware) vya mashine hii hivi karibuni, inakuletea orodha ya mashine zako, unachagua. Hiyo ndo faida ya kuifunga leseni na akaunti mapema.

Niseme kuhusu kraki kwa sababu ndo kitu ninachokijali kuliko vyote. Kwenye duka nilipochukua mashine kijana aliniambia, "Dada, mbona unajitesa, nikupigie window kwa 15,000 inakaa milele." Nilimkatalia kwa upole, na nawaambia na nyie kataeni. Hizi programu za kuaktiveti kwa wizi nyingi zinajifanya ni ile seva ya kampuni niliyoitaja, zinakaa ndani ya kompyuta yako zikiidanganya Windows, na ili zifanye kazi unaambiwa uzime antivairasi kwanza. Mwisho wa mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi vifurushi feki vya programu moja maarufu ya aina hii, KMSPico, vilivyokuwa vimebeba kirusi cha Cryptbot kinachoiba paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza. Sasa fikiria steshenari. Kwenye ile kompyuta zinapita kopi za NIDA, vyeti vya fomu four na six, cheti cha kuzaliwa, namba za simu, akaunti za watu za kuombea mkopo wa chuo. Mtoto wa mtu kaja na vyeti vyake vyote kwenye bahasha kaniamini. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inafanya kazi, hatuwezi kusema sisi ni wadogo haituhusu.

Ufunguo wa bei ya kutupa mtandaoni nao kuweni macho. Jirani yangu alinunua mmoja kwa muuzaji fulani wa mtandaoni, ukaaktiveti siku hiyo, baadaye ukafungwa, na muuzaji hajibu tena meseji. Nyingi ya hizo ni za jumla za makampuni zilizokatwa vipandevipande, na hata ikikubali leo huna uhakika itahama nawe kesho.

Nyota iliyopungua ni vitu viwili. Bei kwanza, Pro kwenye duka la Microsoft la Marekani ni dola 199.99 na Home dola 139, kwa hela yetu Pro ni kama nusu milioni, hiyo ni hela ya mashine nyingine ya mtumba. La pili, kwa bei hiyo ningetegemea kitufe kimoja kimeandikwa hamisha leseni, unabonyeza imeisha. Hakuna. Mtu wa kawaida mpaka aandike amri kwenye ukurasa mweusi, na asipokutana na mtu wa kumwelekeza hawezi kujua kama kuna amri hizo. Hilo linawapa nafasi wanaosema haiwezekani. Wenye Mac wao toka Oktoba 2013 mfumo ni bure na hakuna ufunguo wa kuhamisha, na Linux, mfumo mwingine wa bure, ndo kabisa haina habari hizo, ila mimi printa zangu na wateja wangu wa Word na Publisher wananihitaji kwenye Windows.

Ofisi, yaani Word na Excel, ni leseni nyingine kabisa, haiendi na Windows, ihamishe kivyake kwa akaunti yake.

Nani anunue riteli? Kama unanunua laptopu mpya ya dukani yenye Windows yake ya kiwandani usinunue, tayari unayo. Kama unaunganishiwa desktopu, au unabadilisha mazabodi mara kwa mara, hapo riteli inalipa, maana mazabodi ikibadilika Windows inaiona ni kompyuta mpya na leseni ya kiwandani ndo inaishia hapo. Na ukiwa unauza desktopu yako ya zamani, itoe leseni yako kwanza na umwambie mnunuzi kwamba anaichukua bila leseni, apange bei yake akijua. Ya kwangu sijaiuza, nimeipiga Linux Mint, iko pembeni inaskani.