Sahani, Kijiko na Chupa ya Maji kwa Waliofanyiwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Seti hii ina vitu vitatu: sahani ndogo ya kauri iliyogawanywa sehemu tatu, kijiko kisichozidi kile cha mtoto mchanga, na chupa ya maji ya lita moja yenye alama za saa. Nimeitumia kwa miezi minane tangu nilipofanyiwa upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo, ambao kwa kawaida humwachia mgonjwa takriban robo tu ya mfuko aliozaliwa nao.

Majuma ya mwanzo sahani ilikaa kabatini. Mgonjwa huanza na vinywaji vyepesi, kisha vizito, kisha vyakula vilivyosagwa na vilivyo laini, na chakula cha kawaida hurudi polepole, mara nyingi kati ya juma la sita na la nane. Kijitabu kilichomo kwenye boksi hakigusii hatua hizo hata kidogo. Kimejaa picha za milo kamili, kana kwamba mtu hutoka hospitalini akaketi mezani siku hiyo hiyo.

Sahani yenyewe imebuniwa kwa akili. Sehemu kubwa kuliko zote imetengewa protini, na ndivyo inavyostahili, kwa sababu wengi wetu huelekezwa kufikisha gramu 60 hadi 80 kwa siku, na mtu anayeshiba kwa vijiko vichache akianza na wanga hatakuwa na nafasi ya yai wala samaki. Nimezoea kuumaliza upande huo kwanza, kisha mboga, na sehemu ya tatu mara nyingi hubaki kama ilivyopakuliwa.

Hata hivyo, kilichonisaidia zaidi ni kijiko, ambacho nilikidharau nilipokiona. Sahani hupima kiasi cha chakula, lakini haiwezi kumzuia mtu kula kwa pupa, ilhali mlo baada ya upasuaji huu unapaswa kuchukua dakika 20 hadi 30, kila tonge likitafunwa mpaka lilainike kabisa. Siku moja, kwa uvivu wa kukiosha, nilichukua kijiko kikubwa nikala nyama kavu. Tonge la tatu lilikwama, kifua kikabana, mate yakajaa mdomoni, na mlo ukaishia bafuni.

Chupa ndiyo iliyonikatisha tamaa. Mfuniko wake una mrija usioondoka bila maji kuvuja, ilhali wauguzi walinikataza mrija kwa kuwa mtu humeza hewa pamoja na maji, na tumbo dogo halina pa kuiweka; vinywaji vyenye gesi vilikatazwa kwa sababu hiyo hiyo. Kasoro kubwa zaidi ni alama za saa, ambazo zinamtaka mtumiaji anywe mililita 200 saa saba mchana, yaani katikati ya chakula. Tuliofanyiwa upasuaji huu huambiwa tusichanganye maji na mlo, na tukishamaliza kula tungoje kama nusu saa, kwa maana maji huchukua nafasi ya chakula. Lita moja na nusu au zaidi kwa siku hupatikana kwa kunywa mafunda madogo madogo kati ya mlo na mlo. Nilibandika karatasi juu ya alama hizo nikaandika ratiba yangu.

Nirudi kidogo kwenye kijitabu, kwa sababu kinasifu sharubati za matunda kama njia rahisi ya kupata nguvu. Ushauri huo si mzuri. Kinywaji kitamu hupita upesi bila kushibisha, na kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha tumbo na utumbo mdogo, sukari nyingi inayoshuka ghafla inaweza kumletea mapigo ya moyo ya kasi, jasho, kizunguzungu na kuhara. Kuhusu vitamini na madini kuna sentensi mbili tu, wala hakielezi kwamba vidonge vya chuma na vya kalsiamu humezwa kwa kuachanisha saa mbili hivi.

Iwapo vitu hivi vinauzwa kimoja kimoja, nunua sahani na kijiko, na utafute chupa yoyote yenye mdomo mpana. Mimi nimeshaagiza kijiko cha pili, cha kukaa kwenye mkoba.