Mishubiri ya kitalu cha njia ya Barka: upi ununue, upi uuache

Jina la kitalu sitalitaja kwa sababu hata wenyewe hawana. Kibao kilikuwepo, jua limekichuna rangi mpaka hakisomeki. Hapa Oman, ukitoka Seeb kwenda Barka viko vingi vimepangana kandoni mwa barabara, vya minazi mifupi, midimu na maua ya msimu. Hiki utakijua kwa jambo moja: mishubiri yake imepangwa nje, juani, haina neti juu yake. Kwa hilo tu nampa nyota tatu kabla sijaingia.

Hapa Muscat kila mtu atakwambia mshubiri ni mmea wa jangwani, haufi. Kisha anakuonesha uliomfia. Mara nyingi mche wenyewe umelelewa chini ya neti nyeusi na kumwagiwa maji kila alfajiri, majani yamevimba, yanang'aa, yako teketeke. Unautia kwenye gari, unaupanda mbele ya ukuta mweupe unaorudisha jua la Juni, na wiki ya pili umeshababuka. Muuzaji atakuuliza kama uliumwagilia vya kutosha.

Miche ya hapa haina uzuri wa kukuvutia. Majani mafupi, yamekaza, ncha zimepiga wekundu. Wifi yangu aliikataa kwa mbali. "Wifi, hii mgonjwa, twende zetu." Si mgonjwa. Mshubiri ukipigwa na jua kali hujitia rangi hiyo kujikinga, na ukiuhamishia penye kivuli kidogo unarudi kijani. Ugonjwa una dalili nyingine: bonyeza jani la chini, pale linaposhikana na shina. Likibonyea na kutoa maji ya kahawia, rudisha. Pia chunguza kitovu cha mmea na shina la ua. Ukiona vinundu vinundu vimejikunjakunja, hiyo ni kazi ya utitiri wa mishubiri, vidudu wasioonekana kwa macho, na kuwatoa ni taabu. Usiuchukue hata ukipewa bure, maana utaambukiza yote uliyonayo nyumbani.

Muuzaji ni kijana wa Kibangali, na Kiarabu chake cha sokoni kinatosha kabisa kwa biashara hii. Nilimwambia, "Rafiki, nioneshe mizizi." Sehemu nyingine ukisema hivyo wananuna. Huyu alilibana kopo pande zote mbili kwa viganja, akalipindua, akapiga kitako chake mara moja na mche ukatoka mzima na udongo wake. Mizizi minene, ya manjano manjano, imezunguka vizuri, hainuki. Ubavuni kulikuwa na vitoto viwili vimeshachipua. "Mama, huyu tatu kwa bei ya moja," akasema. Riyali 1 na baisa 500. Nilichukua minne, akanipunguzia baisa 500 bila ya kuvutana.

Sasa lawama. Safu ya tatu, bei ile ile na kibandiko kile kile cha Aloe vera (mshubiri wa kawaida), ilikuwa na mmea mwingine kabisa. Madoa peke yake yasikudanganye, kwa sababu Aloe vera mchanga naye huwa na madoa meupe. Angalia umbo. Aloe vera husimamisha majani yake juu, marefu, membamba, ya kijani cha kijivu, na ua lake ni la manjano. Ule mwingine umelala chini kwa duara, majani mapana mafupi, meno ya kahawia yanachoma kweli, na ua lake ni la rangi ya chungwa, limekusanyika juu kwa mwavuli. Huo ni Aloe maculata, kwao Afrika Kusini. Kwa pambo la bustani kavu mimi naupenda, unavumilia kiu sana. Lakini anayenunua kwa ajili ya kupaka usoni anauziwa sicho, na utomvu wake unaweza kuwasha ngozi. Nilipomwambia kijana, alicheka, akasema vibandiko anaandika mudiri, yaani meneja. Basi mudiri akosolewe. Nyota moja imeondoka.

Na mfuko wa udongo wa riyali 2 uache hapo hapo. Ni ule mweusi mwepesi, unakaa na maji siku nyingi, mzuri kwa waridi. Kwa mshubiri changanya fungu moja la huo na mafungu mawili ya changarawe ya wadi (bonde la mto mkavu), kokoto ndogo zikizidi si neno. Nyumba za ukanda wa pwani wa Batina zenye visima vya chumvi zijihadhari na maji yenyewe. Mimi natumia maji ya kiyoyozi. Mwezi wa Agosti, unyevu ukiwa juu, ndoo chini ya bomba la AC inajaa wenyewe mnalala, na hayana chumvi hata chembe.

Ila kiangazi msiyatumie mengi, na hapa ndipo watu wengi wanapoua mishubiri yao. Mmea huu hufungua vitundu vya majani usiku, hewa ikishapoa, uvute hewa bila ya kupoteza maji, na mchana hujifunga. Hesabu hiyo inataka usiku upoe. Usiku wetu haupoi. Tarehe 26 Juni 2018 kule Quriyat joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana na usiku, ikawa rekodi ya dunia. Mshubiri ukikutana na usiku wa namna hiyo husimama tu, haukui wala haunywi. Ukiumwagilia kwa huruma, maji yanakaa kwenye udongo wa moto na mizizi inaoza. Ulio ardhini, penye kivuli cha mchana chini ya mti kama mghafu au msidri, unaweza kuuacha mwezi mzima bila maji. Ulio kwenye chungu uupe kidogo, jioni, udongo ukishakauka mpaka chini. Kuanzia Oktoba ndipo mmea unapoamka, na ndipo pa kwenda kununua. Anayepanda Mei anajitafutia maneno na muuzaji.

Wala tusiuone huu ni mgeni aliyeletwa kwenye sanduku la dawa. Wataalamu wa mimea wanaihesabu milima ya Hajar, hapa hapa kaskazini ya Oman, kuwa ndiyo kwao Aloe vera wa porini.

Mlangoni pa kitalu upo mkubwa wa aina ya Dhofar, kusini ya Oman, Aloe dhufarensis, majani ya rangi ya majivu, karibu hauna miiba. Riyali 12. Niliuzunguka mara mbili, mkono ushafika kwenye pochi. Nikauliza umeoteshwa kwa mbegu au umeng'olewa jabali, kijana hakuwa na jawabu. Nimeuacha. Mishubiri yote isipokuwa Aloe vera iko kwenye CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuivusha mpaka kunataka kibali, kwa hiyo na nyinyi mnaotoka Pemba likizo msinitilie mche kwenye begi, hasa Aloe pembana ambao hauoti pengine popote.

Wanaonunua kwa tumbo: yale maji ya manjano chini ya ganda ndiyo shubiri yenyewe, ile tuliyopakiwa kwenye chuchu za mama zetu tuache ziwa. Inaharisha kweli kweli, na Marekani mwaka 2002 waliiondoa kwenye dawa za kulainisha choo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ukitaka ute, likate jani, lisimamishe kwenye gilasi mpaka manjano yote yashuke, ndipo umenye.

Kwa jumla nyota nne kwa miche, mbili kwa vibandiko. Ijumaa wanafungua baada ya alasiri. Maegesho ni mchanga mtupu, gari ndogo zisiingie ndani sana. Kadi ya benki hawapokei, na chenji ya noti ya riyali 20 wanakwenda kuitafuta duka la jirani. Omba miche ya safu iliyo karibu na barabara, ndiyo iliyokaa juani muda mrefu zaidi.