Wageni wa ng'ambo walinishinda siku tatu, ya nne nikawapa mwongozaji: maoni yangu kuhusu matembezi ya mji kwa miguu

Kwa wale mnaosoma hii huku wageni wako sebuleni na hamna muda, jibu ni chukueni. Ile huduma ya kutembezwa mjini kwa miguu na mwongozaji, masaa mawili na nusu hivi, kikundi kidogo, mi naipa nyota 4 kwa 5, na hiyo moja niliyoikata nitaieleza huko chini.

Sasa kisa chenyewe. Mama mdogo na baba mdogo walikuja na binti yao wa miaka 17, wanaishi ng'ambo miaka mingi sasa, na yani hao watu nawapenda mno ila kuwaridhisha ni kazi kwelikweli. Siku ya kwanza nikawapeleka kule juu ambako unauona mji wote, sehemu ambayo mimi mwenyewe nikienda roho inatulia, mama mdogo akasema upepo mwingi tushuke. Siku ya pili makumbusho, baba mdogo akaanza kusoma vibao kimoja baada ya kingine, akakuta vibao viwili vina mwaka tofauti kwa tukio lile lile, basi ikawa ndo habari ya siku nzima mpaka mezani usiku. Siku ya tatu nikalipia lile basi la ghorofa lililo wazi juu, la kupanda na kushuka unapotaka, visikilizio vya viti viwili kati ya vyetu havitoi sauti, basi limekwama kwenye foleni, jua linatuchoma, binti kavaa kofia mpaka kwenye macho kalala. Kampuni siitaji jina, ila hela ile iliniuma.

Jioni hiyo nipo jikoni naosha vyombo nikamsikia mama mdogo anaongea na mtu kwenye simu, ameulizwa nadhani habari za matembezi, akajibu "aah, tupo tu." Tupo tu. Nilisimama na sahani mkononi. Miezi nzima nimewasubiri, nimeomba ruhusa kazini, nimepaka rangi chumba, halafu tupo tu.

Kabla sijafika kwenye mwongozaji niseme kosa langu moja, maana nimeona watu wengi wanalirudia. Wageni wangu walitoka magharibi, tofauti ya masaa 6, na safari ya kuelekea mashariki ndo inayousumbua mwili zaidi kuliko ya kurudi. Kwa kawaida mwili unataka kama siku 1 kwa kila saa 1 ya tofauti ndo ukae sawa. Kwahiyo mimi nikiwagongea mlango saa 4 asubuhi tuondoke, miili yao bado iko saa 10 alfajiri. Nusu ya ule ugumu wao ulikuwa usingizi tu, na mi nilikuwa nauchukulia kama dharau. Ratiba za siku mbili za mwanzo fanyeni za mchana kwenda jioni, na fupi.

Na makumbusho pia sio kwamba ni mabaya. Huu uchovu wa makumbusho ni kitu cha zamani, kuna bwana mmoja anaitwa Benjamin Ives Gilman aliandika kuhusu huo mwaka 1916, akaweka na picha za mtu anavyojikunja na kuinama ili asome maandishi yaliyowekwa chini kwenye makabati. Nilipokuja kuliona hilo nikamkumbuka baba mdogo na mgongo wake, alivyokuwa ameinama kwenye kila kioo, nikaelewa kwanini ule mwaka uliokosewa ulimkera kiasi kile.

Haya, siku ya nne. Nikatafuta matembezi ya kulipia, kikundi kisichozidi watu 10, siku ile tulikuwa 8. Nikapanga tuanze saa 10 jioni. Mwongozaji ni mama wa makamo, ana begi mgongoni na kigoda cha kukunja amekining'iniza pembeni, na kitu cha kwanza alichofanya hakuanza na historia, aliuliza kila mtu anaishi wapi na nini kimemshangaza tangu afike. Baba mdogo akajibu barabara zimepinda ovyo, ukienda mbele unajikuta umerudi nyuma. Mimi moyo wangu ulidunda, nikajua tumeanza tena. Yule mama akatabasamu akasema umeona vizuri, nifuate.

Akatupeleka mtaa ambao mimi naupita karibu kila wiki. Katikati kuna mfuniko wa chuma wa mtaro, ule mzito wenye matundu. Akatuomba tunyamaze. Tukanyamaza, pikipiki ikapita, tukasubiri, halafu ukaisikia: maji yanatembea chini, mengi. Akasema huo ni mto mdogo, ulifunikwa mji ulipokua, na barabara hii imepinda kwasababu inaufuata mto ambao hauuoni tena. Binti akapiga magoti pale pale na suruali yake safi akaweka sikio karibu na matundu, akamwita mama yake kwa mkono bila kusema neno. Baba mdogo yeye alikuwa ameshageuka anaiangalia barabara kuanzia mwanzo hadi mwisho, kidole chake kinafuata kona hewani.

Mbele kidogo akatoa picha ya zamani iliyofunikwa plastiki, akampa baba mdogo, akamwambia utafute picha hii ilipigiwa wapi. Mzee akaishika mbele ya uso, akarudi hatua mbili, akasogea kushoto, akafumba jicho moja, mpaka paa la kwenye picha likakaa sawasawa na paa la kweli. Akasimama hivyo muda mrefu tu, watu wengine wanasubiri, hakuna aliyelalamika. Mama mdogo amekaa kwenye kile kigoda anamwangalia mumewe.

Sasa hapa ndo penye jambo lenyewe ninalotaka mlichukue. Nilipokuwa nawatembeza mimi, kila wakisema kitu kibaya kuhusu mji mi nilikuwa najibu kama vile wamenitukana, barabara ikipinda naitetea, foleni naitetea, nao wakiona natetea wanazidi. Kwa yule mama lalamiko lile lile limekuwa swali, akalifanyia kazi, na mzee akajiona ana jicho la kuona. Mzee hawezi kubishana na mtu baki ambaye hana sababu ya kukasirika. Na mimi kwa mara ya kwanza tangu wafike nikawa na nafasi ya kutembea pembeni ya mama mdogo nimemshika mkono, sio mbele yao naangalia saa. Ndo nikamwonyesha kituo nilichokuwa nashukia nikiwa mwanafunzi, na ukuta niliokuwa nauegemea mvua ikinyesha. Hajawahi kujua hayo, aliondoka mimi bado mdogo. Aliuliza maswali mengi kuhusu ule ukuta kuliko kitu chochote siku ile.

Kuhusu aina zake, maana ziko kadhaa. Kuna hayo yanayoitwa ya bure ambayo mwisho unatoa bakshishi. Mjue tu kwamba kwenye baadhi ya kampuni mwongozaji anatozwa hela kwa kila kichwa anachokitembeza, na ile picha ya pamoja mnayopigwa mwanzoni mara nyingine ndo inatumika kuhesabu vichwa, kwahiyo ukiondoka kimyakimya kuna mtu amekulipia wewe kutoka mfukoni kwake. Halafu makundi huwa makubwa, wazee hawasikii. Kuna pia wenyeji wa kujitolea wanaotembeza wageni mjini kwao, New York walianza mwaka 1992 kwa jina la Big Apple Greeter na miji mingine mingi duniani ikafuata, hawa wanachukua familia yenu peke yenu ila uombe mapema sana. Na kuna wa kulipia kama wetu. Nchi nyingine, Italia kwa mfano, mwongozaji anatakiwa awe na leseni, basi pale uliza kitambulisho bila aibu. Vifaa vya sikioni vinavyokuelezea unachokiona sivipingi, makumbusho ya Stedelijk kule Amsterdam walikuwa navyo tangu 1952, lakini kifaa hakikuulizi wewe umeona nini.

Nyota niliyokata. Tangazo lao liliandika njia rahisi, haikuwa rahisi kwa mtu mwenye goti bovu. Kulikuwa na ngazi mara mbili na ya pili haina cha kushikilia, tulimpandisha mama mdogo mimi na binti kila mtu upande wake, na hakuna aliyetuambia kabla. Choo kilikuwa kimoja tu njia nzima na tulikifikia mwishoni. Hayo ni mambo ya kuandikwa kwenye ukurasa wa kubuku kwa herufi kubwa, watu wanakuja na wazazi wao. Kwahiyo kabla hujalipa wapigie uwaulize ngazi ziko ngapi, wapi mnakaa, choo kiko wapi, na mwongozaji anaongea lugha gani, maana binti yetu lugha ya nyumbani anaisikia nusunusu na tungepata mtu wa lugha moja tu angekuwa kama mzigo tunaotembea nao. Muda nao ulipitiliza karibu nusu saa. Hilo sikulijali, ila kama mna mahali pa kuwahi mjue.

Tulirudi nyumbani giza limeingia. Simu ikalia, ni yule yule wa jana yake. Mimi nipo jikoni tena. Mama mdogo akaanza na mto, akaeleza mfuniko, akaeleza walivyonyamaza, baba mdogo anamkatiza kutoka chumbani anamsahihisha kuhusu lile paa, binti naye anataka apewe simu. Waliongea mpaka chai ikapoa. Jumamosi wana matembezi mengine, upande wa pili wa mji, baba mdogo kayatafuta mwenyewe na ameshauliza habari za ngazi.