Uzoefu wangu: usiku mbili na watoto kwenye kambi ya kando ya Ziwa Naivasha

Naipa alama 4 kwa 5 ukiwa na watoto wa miaka 5 kwenda juu, na 2 kwa 5 ukiwa na mtoto anayenyonya. Pengo hilo limeletwa na baridi ya usiku, kelele za Jumamosi na foleni ya maji moto. Tulikuwa watu wazima 2 na watoto 3, wa miaka 4, 8 na 11. Ijumaa tulilala kwenye hema letu, Jumamosi tukahamia banda la kambi hiyohiyo ili tulinganishe. Jina la kambi silitaji. Kasoro zake utazikuta kwenye nyingine kadhaa za Barabara ya Moi South Lake, na nyingi zinakwepeka ukiuliza maswali yafaayo kabla ya kutuma pesa.

Swali la kwanza ni la ua wa umeme unaozuia viboko. Kambi za upande huu zina ramani moja: lango na askari huko juu barabarani, mabanda katikati, kisha uwanja wa nyasi wa kupiga mahema unaoteremka chini ya migunga ya manjano hadi kwenye ua wa umeme, na ng'ambo ya ua ni ziwa. Mchana viboko wamo majini. Giza likiingia wanapanda nchi kavu kula nyasi, na hakuna nyasi wanayoipenda kama ile fupi, laini, iliyofyekwa kwa ajili yako na watoto wako. Ua wenyewe ni nyaya chache zilizofungwa chini chini, kwa sababu kiboko haruki. Mtoto wa miaka minne anaweza kuuvuka bila shida, kwa hiyo usiuhesabu kama ukuta wa kumzuia mtoto. Ni wa kumzuia mnyama tu.

Piga simu uulize: unawashwa saa ngapi, na stima ikipotea unaendeshwa na nini? Jibu zuri ni "saa kumi na mbili jioni, na kuna betri". Ukifika, nenda ukautazame kungali mchana. Kisanduku kinachosukuma umeme kinatoa mlio wa tik, tik, takriban mara moja kila sekunde. Kimya maana yake haujawashwa. Tazama pia nyasi za chini ya waya. Zikirefuka na kuugusa, hasa zikiwa na umande, umeme unavujia ardhini na kiboko anasikia mtekenyo tu. Kwetu kulikuwa na kipande cha hatua kama kumi kilichofunikwa na matete. Tulipomwonyesha askari alikuja na panga akafyeka papo hapo, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kufanywa Alhamisi, kabla wageni hawajafika.

Jambo jingine linalowakera wageni ni picha. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu mwaka 2020 na kumeza sehemu za fukwe, kwa hiyo picha za zamani zinaonyesha uwanja mpana ambao leo ni maji yenye miti mikavu iliyosimama. Omba video ya wiki hii kwa WhatsApp. Nafasi ikiwa finyu, mahema yanabanana, na Jumamosi utasikia jirani akikoroma.

Kuhusu mahali pa kusimamisha hema, kila mtu hukimbilia ukingo wa maji kwa ajili ya mandhari. Mimi ningeuacha. Huko chini ndiko baridi na ukungu hukusanyika, na alfajiri turubai la nje linalowa kana kwamba mvua imenyesha. Panda juu kidogo, kaa nje ya kivuli cha matawi makubwa (migunga hudondosha matawi makavu pamoja na miiba inayotoboa godoro la hewa na hata soli ya ndara), na uwe mbali na baa kadiri uwanja unavyoruhusu. Udongo wa hapa ni wa volkano, mwepesi kama jivu ukikauka. Vigingi vifupi vinavyokuja na hema vinang'oka upepo wa alasiri ukianza. Beba vya sentimita 25 au zaidi, uvipigilie vikiwa vimeinamia upande ulio mbali na hema. Hema lililoandikwa "watu 4" linatosha wazazi wawili na watoto wawili wasio na mizigo. Sisi watano tulihitaji la watu 6.

Sasa baridi. Naivasha iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa au Kisumu akiambiwa "ziwa" huja na kaptura. Usiku wa kuanzia Juni hadi Agosti kipimajoto kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kosa tulilowaona nalo majirani watatu ni kujifunika blanketi tatu juu huku chini kuna godoro la hewa tupu. Hewa ya ndani ya godoro inapoa pamoja na ardhi na kukunyonya joto usiku kucha. Tandika blanketi moja au mkeka mzito wa sponji chini ya mwili, mbili juu, kisha soksi na kofia kwa kila mtoto. Shuka la Kimasai ni zuri la kukalia jioni kwenye moto. Kulalia pekee, halitoshi.

Banda lilikuwa na joto zaidi, lilikuwa na neti na soketi moja, na mlango wake ulifungika vizuri. Kasoro zake mbili: kitanda cha ghorofa hakikuwa na kizuizi upande wa juu, kwa hiyo yule wa miaka minane tukamshusha, na paa ni la mabati. Kuanzia saa kumi na mbili alfajiri tumbili wanafanya mbio juu yake. Hakuna mtoto atakayelala baada ya hapo, na hakuna mzazi pia.

Maji moto yanatoka kwenye pipa linalochemshwa kwa kuni. Linawashwa jioni, na kila maji moto yanavyotoka, baridi yanaingia kujaza nafasi, hivyo familia nne za kwanza zinaoga raha na ya tano inaoga uvuguvugu. Saa mbili usiku yalikuwa yamekwisha. Waogeshe watoto saa kumi na moja na nusu, kabla jua halijazama, na wewe mwenyewe uoge asubuhi baada ya moto kuchochewa tena. Vyoo vilikuwa safi Ijumaa na vya kuvumilia Jumapili. Karatasi nenda na zako.

Chakula cha jikoni kwao ni kitamu lakini kinachelewa: Jumamosi mchana chipsi na kuku vilichukua saa moja na dakika ishirini. Ukiagiza asubuhi kwa kutaja saa utakayokula, unapata kwa wakati. Sisi tulijipikia sehemu kubwa kwa meko ya gesi ya kilo 6, ambayo ilitosha na kubaki. Iweke nyuma ya gari kukinga upepo, vinginevyo sufuria ya ugali haichemki. Mkaa na kuni wanauza hapohapo, na moto unaruhusiwa tu kwenye mashimo yaliyojengewa mawe.

Tumbili wanastahili aya yao. Wanajua mkate, wanajua ndizi, na wanajua zipu. Chakula kilichofungiwa ndani ya hema watakifungulia, na zipu ikiwagomea watararua kitambaa. Weka vyakula vyote ndani ya gari, vioo vikiwa juu kabisa, na usimwache mtoto atembee na ndizi mkononi. Tumbili akiidaka, mtoto aiachilie. Anayeng'ang'ania ndiye anayekwaruzwa. Mbega wale weusi na weupe wanakaa juu mitini na hawasumbui mtu, isipokuwa ukisimama chini yao.

Samaki wa kununua wako Kamere, ufuko wa wavuvi kando ya ziwa, na ndiyo sehemu ya safari iliyowafurahisha watoto kuliko bembea za kambi. Ila jua unachonunua. Ziwa hili lina kapu kwa wingi (samaki mnene mwenye mashavu, si kapu la sokoni), na minofu yake imejaa miba myembamba yenye panda. Mwambie muuzaji amkate mistari ya karibu karibu ubavuni kabla ya kumkaanga. Mafuta yakiingia humo miba midogo inakauka. Hata hivyo mtoto wa miaka minne mpe tilapia, mfupa wake ni mkubwa na unaonekana.

Maji ya kunywa tulibeba lita 30: lita 3 kwa kila mtu kwa siku, kunywa na kupika pamoja. Visima vya bonde hili vina floraidi nyingi na kuchemsha hakuiondoi. Wikendi moja haiwezi kuharibu meno ya mtu, lakini sioni sababu ya kumpikia mtoto uji kwa maji hayo ya kisima wakati dukani kuna maji.

Boti ichukueni asubuhi. Jina Naivasha limetokana na neno la Kimasai lenye maana ya maji yanayochafuka, na alasiri utaona sababu: upepo unainuka na boti ndogo inaanza kupigapiga. Asubuhi ziwa limetulia, furukombe wanaonekana karibu na viboko bado wamejikusanya. Kubalianeni bei kwa boti nzima kwa saa, si kwa kichwa, na kabla hamjapanda mvalishe kila mtoto jaketi la kuokolea. Kama waliyo nayo ni ya watu wazima tu, ambayo mtoto akiinua mikono linamtoka kichwani, msipande. Boti ya kwanza tuliikataa kwa sababu hiyo. Ya pili ilikuwa na saizi mbili za watoto.

Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate ndiyo sababu ya kulala upande huu wa ziwa. Malipo ni kwa eCitizen (tovuti ya serikali), hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo lipieni kambini usiku uliotangulia mkiwa na mtandao. Lango la Elsa linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Sisi tulikuwa pale saa moja, na kufikia saa nne jua lilikuwa limeshatushinda. Baiskeli zinakodishwa njia panda ya kuingia hifadhini na langoni. Kabla ya kulipa, inua gurudumu la nyuma ulizungushe na ubonyeze breki: likiendelea kuzunguka, kataa. Tazama mnyororo una mafuta, na kiti kinashuka vya kutosha mtoto kufikisha vidole chini. Za watoto huisha mapema, hivyo piga simu Ijumaa. Kutoka langoni hadi mwanzo wa korongo ni kama kilomita 8, njia ya vumbi na mchanga isiyo na kivuli. Wa miaka 11 alienda na kurudi. Wa miaka 8 alienda tu, akarudi ndani ya gari. Gari linaruhusiwa, na mpango bora ni mzazi mmoja aendeshe nyuma akiwa na maji, mtoto mdogo na pampu.

Kwenye mnara wa Fischer, jabali la mita 25 karibu na lango, kuna pimbi wengi wa kutazama. Baada ya hapo ni pundamilia, ngiri, swala na twiga. Nyati pia wapo. Mkiwaona karibu na njia simameni, subirini, msipite kati yao.

Korongo lenyewe, Ol Njorowa, sikumteremsha wa miaka minne: kuna sehemu za kushuka kwa mikono na miguu, na maji yanayochuruzika ukutani mahali pengine ni ya moto kweli. Lazima kuwe na kiongozi. Wingu likionekana upande wowote, ahirisheni, hata kama juu yenu ni buluu. Mvua inanyesha mbali kwenye miinuko, maji yote yanakusanyika kwenye mfereji huu mwembamba na kufika kwa ghafla. Septemba 2019 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu 7. Ulizeni hali ya siku hiyo langoni, na wakisema pamefungwa msitafute njia ya kienyeji.

Bwawa la maji ya mvuke la Olkaria limo ndani ya hifadhi na lina kiingilio chake juu ya kile cha lango. Watoto walilipenda. Vueni vito vya fedha, salfa inavigeuza vyeusi.

Kelele: kambi iliandika "kimya baada ya saa nne usiku", lakini Jumamosi spika ya kundi moja ililia hadi saa saba na askari alisema hana mamlaka juu ya wageni. Hapo ndipo alama moja ilipokatwa. Ijumaa palikuwa patulivu, viboko tu wakikoroma ng'ambo ya ua. Ningerudi, ningelala Alhamisi na Ijumaa. Wikendi ya mashindano ya magari ya Safari Rally hapa Naivasha, ambayo tangu 2024 yanafanyika Machi, nisingekwenda na watoto hata kwa bure, isipokuwa wanapenda magari.

Kurudi Nairobi ni kilomita 90 hivi, lakini Jumapili jioni kilomita hizo zinaweza kukula muda wa saa nne. Njia ya chini ya Mai Mahiu ina malori yanayopanda mteremko kwa mwendo wa kobe, na ya juu inajaa magari ya familia kama yenu. Vunjeni hema saa nne asubuhi, turubai likishakauka, muwe mmevuka Limuru kabla ya saa nane mchana. Likikunjwa likiwa bichi, lianikeni siku hiyohiyo mkifika, maana baada ya siku mbili litakuwa limeshika ukungu.